Epsiloni ya Maman Nzigire

Februari 21

Mvua za itumba, masika yetu, zimeanza leo na mimi nimeanza nazo. Profesa Hugues, anayesimamia tasnifu yangu kule Huye, amenipigia simu asubuhi: "Divine, mvua ikikatika bila sura ya nne, tafuta mtu mwingine wa kumtesa." Nimemjibu atulie. Kisha nimekaa saa nzima naangalia maji yakiteremka barabarani kuelekea ziwani.

Sura ya nne ni milinganyo mitatu tu. Wa kwanza ni wa seli nzima za kinga, wa pili ni wa seli zilizovamiwa, wa tatu ni wa virusi vyenyewe. Wanafunzi wangu wa darasa la tano pale Kamembe, mpakani na Kongo, wanadhani mwalimu wao anatibu SIDA, yaani UKIMWI. Nimechoka kuwaeleza kuwa ninaihesabu tu.

Februari 23

Mvua. Sufuria mbili chini ya paa.

Februari 26

Maman Nzigire, mwenye nyumba hii niliyopanga chumba, ameniuliza leo swali ambalo hajawahi kuniuliza tangu nihamie. Alikuwa anachambua maharage mezani, mimi nikiwa na karatasi zangu upande wa pili.

"Unaandikaka nini saa yote? Barua ya mwanaume?"

"Hesabu, Maman. Za virusi vya UKIMWI na seli za kinga."

"Ee! Basi si uniulize mimi? Niko nayo tangu wakati wa marehemu."

Amesema hivyo huku akitupa jiwe dogo dirishani, kama mtu anayetaja jina lake. Mimi ndiye niliyebaki mdomo wazi. Miezi minane naishi hapa. Kila jioni, redio ikitangaza saa mbili, namwona anageukia ukuta wenye picha ya marehemu mumewe, Mzee Mukengere, anatupa kitu mdomoni na kunywa maji. Nilidhani anasali.

Nikachukua maharage yake kumweleza. Haya ni seli nzima, kila siku mwili unazaa nyingine na nyingine zinazeeka zinakufa. Kirusi kinaingia ndani ya seli, kinaigeuza kiwanda chake, halafu vinatoka vingi. Dawa inafunga mlango visiingie. Tuna namba tunaiita epsiloni, inayosema mlango umefungwa kiasi gani. Ikiwa moja, umefungwa kabisa. Ikiwa sifuri, uko wazi.

"Na mimi yangu ni ngapi?"

"Ukimeza kila siku, inakaribia moja."

"Minamezaka kila siku," akasema, na kurudi kwenye maharage yake.

Machi 3

Maman Nzigire amerudi toka sokoni Bukavu, ng'ambo ya mto, na karai tupu, nyanya zote zimeuzwa, lakini midomo imemvimba kwa hasira. Amekutana na "yule wa Kadutu". Ndivyo anavyomwita Véronique, mwanamke ambaye Mzee Mukengere aliishi naye upande wa pili wa mto bila kumwambia mkewe. Siku ya mazishi Véronique alifika na mtoto mgongoni, na Maman Nzigire akasimama mlangoni mbele ya watu wote akaapa: mwanamke huyu akikanyaga upande wa Rwanda, atamvunja miguu. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia nikiwa nimelala.

"Amekonda sana yule nyoka," akasema leo. "Amekonda mpaka anatia kinyaa."

Nikasema afadhali. Hakucheka.

Machi 6

Mvua. Programu ya kompyuta ninayohesabia imekwama. Mimi pia.

Machi 11

Mambo mabaya. Maman Nzigire amerudi kutoka kituo cha afya, amekaa na koti lake lililolowa bila kulivua. Muuguzi Anonciata amemwambia virusi vimeonekana tena katika damu yake, na safari hii ni vingi kuliko Novemba. Kwa miaka havikuwa vinaonekana kabisa. Seli zake za kinga zinashuka. Atapimwa tena mwishoni mwa Mei, na kama bado viko juu atabadilishiwa dawa, apewe zile ngumu za daraja la pili.

"Anonciata anasema labda dawa imechoka ndani yangu. Virusi vimeizoea." Akanisukumia karatasi za vipimo vyake mezani. "Tia mimi mu hesabu yako, Divine. Uniambie kama imechoka kweli. Kama imechoka minakufa, sema tu, siko mutoto."

Nimemwambia hesabu zangu si za kumtibu mtu, ni za tasnifu. Akasema basi ni hesabu za bure. Nimezichukua karatasi.

Nimeogopa, kusema kweli. Huyu mama ndiye aliyeniletea supu ya sambaza, vidagaa vya ziwani, wiki nzima nilipougua malaria, akinitukana kila kijiko kwa kulala bila chandarua.

Machi 14

Nimeweka vipimo vyake katika programu. Kwa dawa nzuri, mchoro unashuka hadi sakafuni na kukaa huko. Wake hautaki. Nikijaribu dawa iliyokufa kabisa, virusi vinapanda mpaka darini, na seli zinaporomoka haraka kuliko zilivyoporomoka kweli. Wake haumo pale pia. Upo katikati.

Machi 15

Epsiloni inakuja sifuri nukta tano. Nimeanzisha upya mara kadhaa, nikitoka juu, nikitoka chini. Nusu. Mlango uko nusu wazi.

Machi 17

Nimempigia Profesa Hugues. Alinisikiliza vizuri, jambo ambalo si kawaida yake.

"Una vipimo vichache mno," akasema. "Usijidanganye."

"Najua, Prof. Lakini nusu inarudi kila mara."

"Sawa, tuseme ni nusu. Kwa nini nusu? Inaweza kuwa virusi vimeanza kuizoea dawa. Inaweza kuwa mgonjwa anaruka siku. Mlinganyo wako unajua kiasi, haujui sababu. Sababu kamuulize mtu."

Amesema kweli, na nachukia akisema kweli.

Machi 18

Nimeuliza. Nimeuliza vibaya.

Nilisubiri jana usiku amalize kula, nikamwonyesha mchoro, nikamwambia kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani: "Maman, hesabu inasema unaruka siku. Sema ukweli, unasahau?"

Akausukuma mchoro pembeni. Kisha akainuka, akaleta kopo lake la dawa, akalitikisa karibu na sikio langu. "Anonciata anaonaka kopo kila mwezi. Hakibaki hata kidonge kimoja. Mimi nikisahau, vinaenda wapi? Panya anakula?"

"Basi kwa nini..."

"Lala, Mwalimu."

Mwalimu. Si Divine, si mwanangu. Chai ya asubuhi hii sikuiona.

Machi 19

Hakuna chai. Mvua.

Machi 22

Bado Mwalimu. Ameniambia kupitia paka: "Paka, mwambie Mwalimu paa la chumba chake linavuja." Ningecheka kama nisingekuwa na njaa.

Nimeandika katika sura ya nne: "Kushuka kwa ufanisi kunaelezwa na uzembe wa mgonjwa." Inasomeka vizuri. Ina sura ya sayansi.

Machi 30

Namtazama sana siku hizi, na sipendi ninachoona. Gauni la kanisani linamning'inia. Jana alipanda kilima cha kutoka mpakani akasimama mara mbili, yeye aliyekuwa ananipita na karai kichwani huku akinicheka. Anasema ni matope. Matope yapo kila mwaka.

Saa mbili usiku bado anageukia ukuta, anameza. Namwona kwa macho yangu. Basi ni virusi vimezoea, na mimi nimemwita mzembe mwanamke anayekufa. Nimeona aibu. Nikampikia bugali na mchicha wa lenga-lenga. Alikula, akasema chumvi imezidi. Nimechukua hiyo kuwa amani.

Aprili 7

Shule imefungwa, wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Mji umenyamaza. Kibanda cha nyanya cha Maman Nzigire nacho kimefungwa, na amekaa dirishani siku nzima akiangalia upande wa ng'ambo. Nikamuuliza ana nini.

"Sitavuka wiki hii," akasema.

"Si upumzike?"

Akasogeza kiti karibu zaidi na dirisha.

Aprili 14

Ameamka na malengelenge ubavuni, mstari mwekundu kama amechapwa fimbo. Anonciata amesema ni zona, mkanda wa jeshi, unakuja kinga ikishuka. Hawezi hata kuvaa kitenge. Amelala kifudifudi anauma mto.

Nimerudi kwenye mchoro wangu na nimelia. Ule mstari wa seli unaoshuka nimeuchora mimi, kwa rangi ya kijani kwa sababu ilipendeza. Leo nimeuona ukilala kitandani.

Aprili 16

Siku hii nitaiandika yote.

Asubuhi aliniita. "Divine, mwanangu." Nikajua kuna kitu, amani haikuwa imefika mbali hivyo. Akanipa chupa ya uji na kitambaa kilichofungwa fundo gumu. "Peleka kwa daraja. Yule wa Kadutu atakuwa anangoja upande wao, karibu na wauza sabuni. Mpe mukononi mwake. Usifungue."

"Véronique? Wewe unampelekea uji Véronique?"

"Ni wa katoto. Enda, mvua inakuja."

Nikashuka hadi Rusizi ya Kwanza, daraja la mpakani, nikiwa na maswali mengi kuliko miguu. Nikapanga foleni, nikaonyesha kitambulisho, nikavuka daraja kati ya wanawake wenye makarai. Mto chini ulikuwa mwekundu kwa udongo. Nikamtambua mara moja kwa mtoto: kasichana ka miaka minne hivi, kenye pua ileile pana ya picha ya ukutani. Mama yake alikuwa mwembamba, macho makubwa, mwavuli uliovunjika mbavu.

Hakunisalimu. Alitazama nyuma yangu. "Maman Nzigire iko wapi? Amekufa?"

"Mgonjwa. Mimi ni mpangaji wake."

Alifungua fundo kwa meno, palepale. Ndani hakukuwa na pesa wala chakula. Kulikuwa na vidonge vilivyokatwa katikati kwa kisu, vingine kingo zimemung'unyika kwa unyevu. Akatoa kipande kimoja, akakimeza na mate.

"Na yeye?" akaniuliza. "Yeye amemeza nusu yake? Umuulize. Wiki ile hakuvuka mi nilikaa bila, lakini haizuru. Yeye asikose nusu yake."

Nusu. Nilisimama katikati ya wauza sabuni, namba yangu imesimama mbele yangu imeshika mwavuli uliovunjika.

Alinieleza kwa maneno machache. Kituo alichokuwa anachukulia dawa kilifungwa mwaka jana vita vilipokaribia, na hakijafunguliwa. Alikutana na Maman Nzigire darajani, akamwambia. "Sikuomba, dada. Nilimwambia tu, juu hakuna mwengine anajua. Akanitukana, akaenda. Kesho yake akakuja na nusu."

"Kwa nini usivuke? Kamembe kuna kituo, kuna muuguzi mzuri."

Alinitazama kama nimemwambia atembee juu ya ziwa. "Aliapa siku ya kuzika bwana yetu. Mimi nikikanyaga kule? Mbele ya batu wote ba soko? Hapana."

Wanawake wawili hawasalimiani, na mwaka mzima wanagawana kidonge kimoja ili wasikutane kwenye benchi moja la kituo cha afya. Nimepanda kilima nikilowa bila hata kufungua mwavuli, nikiwa na hasira nao wote wawili, na zaidi na marehemu.

Nikaingia chumbani kwake. "Maman, nimeona."

Alibaki amegeukia ukuta. "Nilijua utafungua."

"Sikufungua. Alifungua yeye, kwa njaa ya dawa."

Kisha akasema bila kugeuka: "Ningefanya nini, Divine? Kale katoto kana pua ya Mukengere. Mama yake akikufa, nani atakalea? Mimi. Na mimi sitaki kulea katoto ka yule mwanamke. Kwa hiyo aishi. Aishi huko huko."

"Kwa nini usimwambie Anonciata?"

"Nimwambie nini? Kwamba minalisha mukewenza? Batacheka mpaka Bugarama."

Nikaleta karatasi. Nikachora mistari miwili, wake na wa Véronique, wote wakiwa na nusu. Kwa nusu, mlango hauzuii vya kutosha. Virusi vinaendelea kuzaana, polepole, na vinajifunza dawa kidogo kidogo, kwake na kwa mwenzake. Mistari yote miwili ya seli ikashuka kwenda kulia, sambamba. Nikachora tena, kila mmoja na kidonge chake kizima. Yote ikapanda.

"Anonciata atakubadilishia dawa mwezi ujao," nikasema. "Na hizo mpya utazikata pia. Mtaziharibu zote."

Alikaa, akishika ubavu, akaangalia ule mchoro wa kwanza. Akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kisha mwingine.

"Tunakufa pamoja basi," akasema. "Kama batu ba nyumba moja."

"Ndiyo, Maman."

"Sitaki kufa naye." Akalala tena. "Acha nifikiri."

Aprili 17

Anafikiri. Mvua.

Kidonge cha leo amekimeza kizima. Nilikaa mbele yake. Baada ya kumeza alifunika uso kwa kitenge na kulia, akisema amekula nusu ya yule.

Aprili 18

Nimekifuta kile kisentensi cha uzembe. Nimekifuta kwa hasira hadi kalamu ikavunjika, kwa sababu nilikuwa nimekiandika pia kwenye daftari la mkono.

Aprili 21

Amevaa. Kitenge juu ya malengelenge yanayokauka, anauma midomo kwa kila hatua, na amekataa kupanda pikipiki ya motari. "Nitaenda kwa miguu nifike na hasira," akasema.

Nilimfuata hadi darajani. Véronique alikuwa ng'ambo na kale katoto, ameegemea ukuta, amekonda zaidi. Maman Nzigire hakuvuka. Alisimama mwisho wa upande wetu, mvua ikimpiga, akaita kwa sauti ya kuuza nyanya:

"Wewe! Wa Kadutu!"

Nusu ya foleni iligeuka.

"Nilisemaka ukikanyaga hapa nitakuvunja miguu. Nilisema mbele ya batu. Sasa nasema mbele ya batu: nimerudisha ile neno. Kuja! Kuja upesi, mvua inaninyeshea juu yako!"

Véronique hakusogea. Mama mmoja mwenye karai la mkaa akamsukuma begani: "Enda, dada, unatufungia njia." Alipofika katikati ya daraja alikuwa analia waziwazi, na kale katoto kanashangaa tu. Maman Nzigire hakumkumbatia. Alimnyang'anya ule mwavuli mbovu, akautazama, akautupa pembeni, akafungua wake.

Aprili 22

Benchi la kituo cha afya; Véronique amevuka tena asubuhi. Nilikaa katikati yao, maana hakuna aliyekubali kukaa karibu na mwenzake. Wanawake wa soko walitazama, walinong'ona, kisha zamu zao zikafika na wakasahau.

Anonciata alisikiliza yote. Akavua miwani. "Mungu wangu," akasema, "na mimi nilikuwa nimeshaandaa kumbadilishia dawa." Nilitegemea agombe. Aligomba, lakini baadaye, na baada ya kumpa Véronique kopo lake mwenyewe.

Nje, Véronique akalifungua palepale, akamimina vidonge kiganjani na kumnyooshea Maman Nzigire. "Hizi ni zako. Nilikula zako mwaka mzima."

"Unataka nizikule mara mbili, nipasuke? Rudisha ndani. Kula zako, kila siku, moja nzima. Mushenzi."

Aprili 25

Mpaka unafungwa mapema siku hizi, kwa hiyo Véronique amelala hapa, chumba cha makasha ya nyanya. Kwa siku moja tu, amesema Maman Nzigire.

Mei 4

Bado siku ileile moja.

Mei 9

Wamegombana juu ya sombe, majani ya muhogo: mmoja anatia mawese, mwingine karanga. Nimekula za pande zote mbili na kusifu zote. Uongo mtupu, ya Véronique ni tamu zaidi.

Mei 16

Profesa Hugues amesoma sura ya nne. Anauliza kwa nini nimeongeza mfumo wa pili, watu wawili wanaogawana epsiloni moja. "Hii haimo katika vitabu," alisema. Nikamweleza yote, bila majina. "Iache humo humo," akasema. "Na usiite uzembe."

"Sijaiita hivyo, Prof."

Mei 28

Wamepimwa leo, wote wawili. Majibu wiki ijayo. Hakuna anayekula vizuri, hata paka.

Juni 3

Mvua haijanyesha wiki nzima. Vumbi la kwanza limepanda barabarani.

Juni 5

Havionekani.

Anonciata aliisoma mara mbili, na Maman Nzigire akamwambia asome tena kwa Kiswahili, asije akawa anamdanganya kwa Kifaransa. Havionekani, Maman. Dawa ni ileile, haijachoka, habadilishiwi chochote. Nilimkumbatia nikasahau ule ubavu, akapiga kelele, tukacheka hadi mlinzi akachungulia.

Vya Véronique bado viko juu. Vilikuwa vingi tangu mwanzo, na Anonciata anasema ni mapema, hajui bado kama dawa yake imeharibika au itamshika. Tutajua Agosti. Njiani kurudi nilikuwa na mchoro kichwani nikashindwa kuuchora, kwa sababu sijui epsiloni yake, na safari hii sitaki kuibahatisha.

Jioni tulikula sambaza wote wanne. Redio ikatangaza saa mbili. Maman Nzigire hakugeukia ukuta. Aliweka makopo mawili mezani, akameza chake, akamtazama Véronique akimeza cha kwake.

"Fungua mudomo."

"Nimemeza."

"Nimesema fungua. Nione."

Véronique akafungua. Akatoa ulimi wote, mrefu, akauacha nje mbele ya uso wa mwenye nyumba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kale katoto nako kakatoa wake.

Maman Nzigire aliutazama ule ulimi vizuri, upande huu na upande ule, kama anakagua nyanya.

"Sawa," akasema. "Kesho tena."